Pete ya Mlango ya Fimbo ya Mwalimu Ramazani

Pascal, mwenzenu wa kazi, alinipa daftari hili wiki niliyoacha kazi, akaniambia, "Mama Faida, andika yote, usiache kitu." Haya, nimeandika, na nimeacha vitu vingi. Vyeo nimeviacha, maana atelye, karakana ya watu wawili kama ilivyokuwa ya kwetu, ina cheo gani? Mkubwa akienda kuswali, mdogo anakuwa mkubwa mpaka arudi. Mishahara nayo nimeiacha, nisije nikalowanisha karatasi kwa machozi. Nimeandika habari za pete, kwa sababu njo kitu ninachokijua, na kwa sababu kuna pete moja ambayo habari yake sijaisema kwa yeyote katika ninyi. Riziki, utakuta jina lako humu. Soma mpaka mwisho kabla ya kukasirika.

Najua daftari litasomwa na wajukuu pia, kwa hiyo nitaeleza hata yale mnayoyafanya kila siku mkiwa mnapiga soga. Fimbo tunayotengeneza sisi si ule ufito wenye kamba nchani. Ni fimbo yenye mulinete, ile mashine ndogo ya kukunjia uzi, na juu yake kuna pete zimepangwa, kubwa karibu na mulinete, ndogo kuelekea ncha. Uzi unapita ndani ya pete zote. Kila pete ina miguu ya chuma iliyofungwa kwenye fimbo kwa uzi wa kushonea na kupakwa vanishi, na ndani ya chuma mna duara la kauri, laini kabisa. Kauri ikipata ufa, hata ufa ambao jicho halioni, inageuka wembe. Mtu anavuta samaki, kumbe anakata uzi wake mwenyewe.

Nilianza kabla ya vita, nikiwa msichana wa cherehani kwenye baraza la mama yangu mdogo, huko mtaa wa Kasuku. Siku moja akasimama mbele yangu mzee mrefu, kanzu safi, kofia imekaa sawasawa, mkononi fimbo isiyo na pete hata moja. Akaniuliza kama nina uzi wa hariri. Sikuwa nao. Badala ya kwenda zake, akaniomba nimwoneshe namna ninavyomaliza mshono wa mkono. Nikamaliza, nikampa kitambaa. Akakigeuza, akakipeleka juani.

"Fundo liko wapi?" akauliza.

"Haina fundo, papa. Nimeficha ncha chini ya uzi wenyewe."

"Nani alikufundisha?"

"Uvivu, papa. Kufunga fundo kunakawisha."

Akacheka mpaka kofia ikasogea. Huyo alikuwa Papa Selemani, mtu wa ukoo wa wale waungwana wa zamani walioletwa huku na biashara ya pwani. Kiswahili chake kilikuwa cha kunyooshwa: sisi wote tukisema muntu, yeye anasema mtu, na anangoja kidogo ili usikie. Akaniambia nifike kesho yake saa mbili kwenye atelye yake, nyuma ya duka moja karibu na gare, kituo cha treni. Nilifika saa mbili na robo. Alikuwa amesimama mlangoni, anatazama saa yake. Miaka yote iliyofuata sikuchelewa tena.

Siku ile ya kwanza sikupewa kisu wala vanishi. Nilipewa kipande cha pamba, kadiri ya ukucha wa kidole gumba, na rundo la fimbo zilizoegeshwa ukutani. "Pitisha pamba ndani ya kila pete," akasema, "izungushe taratibu, kisha uniambie." Nikapitisha asubuhi nzima. Nikamwambia pete zote ni nzima. Akachukua fimbo ya tatu kutoka kulia, akazungusha pamba ileile, akanionesha: nyuzi mbili tatu za pamba zilikuwa zimenasa ndani ya kauri, nyembamba, ungedhani ni utando wa buibui. Mimi nilizipita kama gari la moshi linavyopita kituo kidogo. "Jicho linadanganywa," akasema. "Pamba haina haya, inasema." Basi, hiyo ndiyo shule yangu. Mengine yote niliyojifunza baadaye yalikuwa nyongeza.

Wateja wetu wa wakati ule walikuwa mainjinia wa reli, wafanyabiashara, na mapadri. Mapadri walikuwa wanavua vizuri na kutunza vibaya. Wakimaliza kuvua wananasa ndoana ndani ya pete, eti isiyumbe wakiwa kwenye pikipiki. Ndoana inagongagonga kauri kutoka mtoni mpaka misheni, halafu padri anashangaa kwa nini uzi unakatika. Papa Selemani alikuwa anawapokea kwa heshima zote, anawatengenezea, na wakiondoka anasema, "Huyu angeungama kwangu ningempa kazi ya mwezi mzima."

Lakini adui mkubwa wa pete hapa Kindu hakuwa ndoana. Alikuwa ni salamu. Msicheke, nitaeleza.

Uzi wa nailoni ulikuwa adimu, kwa hiyo hatukuwa tunautupa ukichakaa. Tunaugeuza: ile sehemu ya mbele iliyochoka inaingia chini ya mulinete, na ile ya chini ambayo haijaona maji inakuja juu. Ili kufanya hivyo tunautoa wote, tunauosha, maana chembe moja ya mchanga ndani ya uzi ni tupa ya kusugua kauri, kisha tunaunyoosha juu ya majani kando ya njia ya reli. Fimbo inabanwa kwenye eto, kibanio cha mbao. Fundi anazungusha mulinete, na mwenye fimbo, kule mbali, anashika ncha ya uzi kwa kitambaa kibichi, anaukaza, anatembea nao taratibu kuja kwetu. Tulikuwa tunaita kusindikiza uzi. Hakuna mwenye fimbo aliyekubali mtu mwingine amsindikizie. Alikuja hata akiwa na homa.

Wengi walitaka uzi upite pete zote wakati huo, eti fimbo imjue mwenzake. Papa Selemani aligombana nao mpaka wakakubali upite pete moja tu, ile kubwa ya kwanza, aliyoiita pete ya mlango. Ukipita pete zote huku umekazwa, ukipindishwa kidogo tu unazipinda zote. Ukipita ya mlango peke yake, angalau hasara ni moja. Na fundo la kuungia uzi mpya na wa zamani lisivutwe kwa nguvu ndani ya pete, linang'oa kauri. Lisimamishe, lipitishe kwa vidole, kisha endelea.

Sasa, ninyi mnaujua mji wetu. Mtu wa Kindu akikutana na mtu njiani hawezi kupita tu. Atasimama, atauliza nyumba, watoto, wazee, shamba, homa ya juzi, na yule naye atarudisha zote moja moja. Msindikizaji wa uzi akifanya hivyo, anageuka upande wa anayemsalimia, uzi unageuka naye, na unavuta pete kwa ubavu wakati fundi bado anazungusha. Pete inapinda, ama fimbo yote inachomoka kwenye eto. Papa Selemani akaweka sheria: msindikizaji hasalimii wala haitikii. Ilikuwa sheria ngumu kuliko ya serikali. Kuna mama mkwe mmoja alimchukia mkwewe miaka miwili kwa sababu ya uzi wa mita mia.

Vita ikaja. Sitaandika ya askari, wengine wameyaandika. Nitaandika ya fimbo. Atelye yetu ilibebwa yote, mpaka milango. Papa Selemani alikuwa amehamisha eto, visu na kikopo cha pete siku mbili kabla, ndani ya beseni la nguo chafu, nami ndiye niliyelibeba kichwani. Tukafanyia kazi kwenye baraza lake. Treni hazikuja tena. Mashambani hapakwendeka, maana nje ya mji kulikuwa na watu wenye silaha pande zote. Pirogi, mitumbwi yetu, zilikatazwa mtoni, na nyavu bila pirogi ni shuka tu. Kilichobaki ni kusimama ukingoni mchana, mahali askari walipokuruhusu, na kurusha ndoana mbali kwa fimbo ya mulinete. Zile fimbo za starehe za mainjinia waliokimbia ndizo zilizopika vyungu vya watu. Kazi yetu, ambayo mama yangu mdogo aliiita kazi ya kuchezea vijiti, ikawa kazi ya kulisha mji.

Mwalimu Ramazani alikuwa na fimbo moja ya namna hiyo. Injinia mmoja ambaye Mwalimu alimsomeshea watoto alimwachia. Alikuwa mwembamba, mpole, mwenye kusema na samaki kwa sauti akiwa ukingoni, na nyumbani kwake walikuwa watu tisa. Mdogo kuliko wote alikuwa Riziki, huyu Riziki wetu mnayekaa naye meza moja, akiwa na miaka minne. Watu tisa, fimbo moja, na uzi wa mwisho ambao angeweza kuupata. Nilijua hayo yote. Kila mtu mtaani aliyajua.

Siku aliyoleta uzi tuugeuze, Papa Selemani alikuwa ndani, homa imemlaza. Nikabana fimbo kwenye eto peke yangu. Mwalimu akaenda mpaka mwisho, akashika ncha, akaanza kusindikiza. Alijua sheria. Watu wawili walimsalimu akawapita ametazama mbele, mdomo umefungwa. Kisha karibu na tangi la maji la reli akatokea mtu amekonda, ana nguo ya gunia, akamwita Mwalimu kwa jina lake. Ni shemeji yake, kaka ya mkewe, aliyepotelea upande wa Kailo tangu mwaka uliopita. Walikuwa wamekwisha kumlilia msiba.

Niambieni, nani angetembea mbele? Mwalimu aligeuka, akamrukia, wakaanguka chini wote wawili wanalia. Uzi ulikuwa bado umezungushwa mkononi mwake. Fimbo ikachomoka kwenye eto, ikapiga jiwe la ngazi, na pete ya mlango ikainama upande.

Mtaa mzima ukaja mbio. Mama Riziki alikuja bila kilemba, anapiga vigelegele na kulia kwa pamoja. Mimi nami nalia, na huku nalia nikachukua koleo nikainyoosha ile pete palepale, kauri ikiwa bado ndani. Hilo nimewakataza ninyi miaka yote. Chuma kikiinama, kauri itolewe kwanza, chuma kinyooshwe kikiwa kitupu, na hata hapo afadhali kubadilisha. Nikaitazama, haina kitu. Kuhusu pamba, nilijiambia, ah, siku ya furaha kama hii! Pamba ilikuwa mfukoni mwangu. Nikamaliza kukunja uzi, nikampa Mwalimu fimbo, akaondoka ameshikana mkono na shemeji yake.

Kesho yake Mama Riziki akafika na kipande cha uzi mkononi.

"Mama Faida, uzi imekatika. Samaki mukubwa, na ndoano imeenda naye. Njo pete ama njo bahati?"

Uzi uliokatwa na jino la samaki unakatika safi. Uzi uliokatwa na pete unaota ndevu, nyuzinyuzi ndogo ubavuni kabla ya mahali ulipokatikia. Kila mmoja wenu anajua hilo tangu wiki ya kwanza. Ule uzi ulikuwa na ndevu. Niliziona vizuri kabisa, jua likiwa usoni mwangu.

"Njo samaki, mama," nikasema. "Mbenga iko na meno."

Kwa nini? Nimejiuliza maisha yangu yote. Papa Selemani alikuwa mgonjwa na jina la atelye lilikuwa mikononi mwangu. Niliona aibu. Nilidhani labda kweli ni samaki. Chagueni mnayoitaka, zote zina ukweli na hakuna hata moja inayotosha. Siku ya pili uzi ukakatika tena, akaja tena, nikasema meno tena. Siku ya tatu tena. Kila mara ndoana moja imeenda na mita kadhaa za uzi, na samaki wa kulisha watu tisa, ambao sasa walikuwa kumi pamoja na shemeji.

Siku ya tano Mama Riziki alikuja na mtoto mgongoni. Hakuwa na uzi mkononi. Alirudisha fimbo.

"Uiweke tu," akasema. "Uzi imebaki kidogo sana. Papa Riziki anavuka leo. Kuko pirogi moja inaenda ngambo, kwa mashamba, saa sita, wakati baaskari banakula. Nimemukataza, hasikie."

Kuvuka kwenda Alunguli wakati ule si kama leo unavyovuka kwenda kununua majani ya pondu. Waliopigwa risasi katikati ya maji tuliwajua kwa majina. Mama Riziki akamshusha Riziki chini apumzishe mgongo, akaingia ndani kumpa pole Papa Selemani. Mtoto akakaa sakafuni karibu na kikapu changu. Hakulia. Watoto wa siku zile walikuwa wameacha kulia. Nilipogeuka, mdomo wake ulikuwa unatafuna. Nikafungua kwa kidole: pamba. Alikuwa ameitoa kikapuni anaila.

Nikaitoa taratibu. Mama yake akatoka, akambeba, akaenda. Nami nikaikausha ile pamba kwenye kitenge changu, nikaichambua, nikaipitisha ndani ya pete ya mlango, nikazungusha. Ikanasa. Ikanasa mpaka ikachanika.

Nikaenda kitandani kwa Papa Selemani, nikamweleza yote, pete, ndevu za uzi, meno. Alisikiliza amefumba macho. Nilingoja anitukane. Akasema, "Mimi siwezi kusimama, Faida. Miguu unayo wewe." Kisha akageukia ukuta.

Nilikimbia. Ndara moja iliniacha njiani, sikurudi kuichukua. Pirogi haikuwa kwenye bichi, pale pa kawaida pa kupandia, walikuwa wameificha chini kidogo, ndani ya matete. Nikaingia maji mpaka magotini. Watu wanne ndani yake, Mwalimu wa mwisho, jembe mapajani na gunia limekunjwa.

"Mwalimu, shuka!"

"Nyamaza, mama, utatuuwisha!" mwenye pirogi akasema.

"Mwalimu, haikuwa samaki. Njo pete. Njo mimi. Niliinyoosha na koleo na sikuipima."

Akanitazama. Watu wote wakanitazama, na huko juu tuliweza kusikia askari wanagonga sahani zao.

"Ulijua tangu wakati gani?" akauliza.

"Uzi niliujua siku ya kwanza. Pete nimeipima leo."

"Siku ya kwanza," akasema.

"Siku ya kwanza, Mwalimu."

"Unashuka ao unabaki?" mwenye pirogi akauliza, mkono tayari kwenye kasia. Kama fimbo isingetengenezeka, pirogi nyingine haikuwepo. Mwalimu akaangalia miguu yangu, mmoja una ndara, mmoja hauna. Akashuka na jembe lake. Alinipita, akapanda ukingo, na huko juu akasema bila kugeuka, "Fimbo iko wapi?"

Tulitembea kuelekea barazani. Karibu kufika akasimama. "Siku tano, Mama Faida. Siku tano unamusingizia samaki wa Mungu!" Sikujua kama nicheke ama nilie, nikafanya vyote, lakini yeye hakucheka. Bado alikuwa na hasira, na ilikuwa haki yake.

Kauri za badala hazikuwepo mji mzima. Kwa hiyo andikeni hii, huenda siku moja mtaihitaji, Mungu apishe mbali. Nilichukua reyo, ule waya wa gurudumu la baiskeli, nikaizungusha kwenye mpini wa bisibisi nene kupata duara, nikaacha miguu miwili nikaiponda bapa na kuipiga tupa iteremke kidogo kidogo, ili uzi wa kufungia upande juu yake bila kuruka. Kisha ndani ya duara nikapitisha ugwe uliopakwa mafuta na jivu, Mwalimu anavuta huku, mimi navuta huku, kama tunakata gogo, mpaka chuma kikang'aa. Papa Selemani aliomba aletwe nje na mkeka wake. Akapitisha pamba mara saba. Mara sita akasema, "Bado." Uzi wa kufungia niliufumua kwenye pindo la nguo yangu ya harusi, maana ndio uzi imara niliokuwa nao. Ule wa zamani ukatwe kwa wembe juu ya mguu wa chuma tu, kamwe si juu ya fimbo. Vanishi ilikuwa nta ya nyuki na kopali, ule utomvu mgumu wa porini, iliyoyeyushwa kwenye kikopo cha nyanya. Ilinukia kanisa siku ya Pasaka. "Leo mmeniingiza misa," Papa Selemani akasema, na hapo Mwalimu akacheka.

Uzi uliobaki alisindikiza Mama Riziki. Jirani mmoja alimwamkia mara tatu akawa kama kiziwi. Yule jirani yuko hai, na bado anasema mama huyu alikuwa na majivuno.

Kesho yake asubuhi Mwalimu alipata samaki, ngolo mwenye ndevu ndefu, mzito wa kubebwa begani. Walinitumia kipande. Mimi sikuweza kumeza. Papa Selemani alikula changu na chake, akapona wiki ileile, akasema dawa imejulikana.

Na ile pirogi? Ilirudi siku ya pili yake, watu wote salama, imejaa mihogo mpaka maji yanataka kuingia. Mwalimu alikuja barazani kwa ajili hiyo tu. "Mama Faida, ninyi watu wa pete mumenikosesha mihogo." Alinitania nayo miaka na miaka, mbele ya watu ambao hawakuelewa. Safari iliyofuata ya pirogi ile sitaiandika. Mwenye pirogi alikuwa mtu mwema.

Siku ile ya mihogo nilimwomba msamaha vizuri, kwa magoti. Akaniinua. Akasema amenisamehe, mkewe amenisamehe, na jambo hili watoto wasilijue. "Mutoto akijua, atakuangalia vibaya, na sisi tutakuhitaji bado." Nikashukuru. Ilikuwa rahisi kushukuru.

Amani ilipotulia tulipata atelye hii ya bati karibu na bichi. Papa Selemani alifanya kazi mpaka vidole vikakataa, akatuacha kitandani kwake, Ijumaa, kama alivyotaka. Leo pete zinakuja ndani ya mifuko, kauri zote za kila kipimo, na gundi ya chupa mbili inayokauka ukiwa bado unatafuta kitambaa. Fimbo nazo nyepesi, uzi tele. Lakini wateja ni walewale. Wananasa ndoana kwenye pete, wanakunja uzi wenye mchanga, na hawa vijana wa uzi ule wa kusukwa wanaukaza kwa kuufunga nyuma ya pikipiki na kumwambia mwenzao aondoke polepole. Polepole ya pikipiki! Pitisheni pamba, hata kama mteja anatazama saa, na hasa siku ya furaha. Wekeni bobini ya uzi ndani ya beseni la maji, kazeni kwa kitambaa kibichi, nyoosheni uzi na pete ya mlango viwe msitari mmoja.

Riziki, sasa ni wewe. Ulipomaliza shule baba yako alikuleta mwenyewe, amevaa koti lake. Akasema, "Mama Faida, nakuletea huyu. Mufundishe yote." Aliposema yote, alinitazama. Nikakufundisha kufunga, kupaka, kukata kwa wembe, kusikia pete kwa pamba. Umenipita mkono, nilikwambia na sikukutania. Lakini lile moja sikukufundisha. Baba yako alifariki mwaka jana akiwa amelinyamazia kwa ajili yangu, na mama yako alimtangulia. Nimebaki peke yangu ninayelijua, na wewe kila asubuhi unanisalimu, "Mama, umeamkaje?" unanichemshia chai.

Baba yako alinisamehe njaa yake. Yako hakuwa na haki ya kuisamehe, ilikuwa yako. Siku zile tano ulikuwa na miaka minne, na ukala pamba kwa sababu mimi niliona aibu kusema neno moja. Nakuomba msamaha, mwanangu. Niko nyumbani Alunguli, ng'ambo, unapajua. Ukikubali, vuka uje uniambie. Ukikataa, vuka uje pia.